Mali bila Daftari Hupotea bila Habari: Somo la Kupima Chaji ya Simu ya Kamati

SOMO LA ROBO HII
Kwa makatibu, waweka hazina na wajumbe wa kamati za parokia, pamoja na wahisani wetu



Kamati yetu ya huduma ya jamii hapa Mbagala ina simu moja ya Android. Ni simu ya zamani, ilikuwa imetumika miaka kadhaa kabla ya kutufikia, na hutunzwa na mama mweka hazina. Kwa simu hiyo tunapokea taarifa za wagonjwa kutoka jumuiya ndogo ndogo, tunapiga picha za stakabadhi, na tunatuma taarifa kwa wahisani. Laini iliyomo ndiyo inayopokea michango.

Alhamisi moja mzee wa upande wa Kizuiani alizidiwa. Kijana wake alianza kupiga simu ya kamati saa saba mchana, akiomba nauli ya kumpeleka hospitali. Simu haikupatikana, kwa maana ilikuwa imezimika. Majirani walichangishana, mzee akapelekwa kwa bajaji, na tunamshukuru Mungu alipona. Lakini katika kikao kilichofuata maneno yalikuwa mengi. Mmoja alisema mama mweka hazina anawaachia watoto simu waangalie video. Mwingine alisema betri imekufa, inunuliwe simu mpya. Fedha pekee iliyokuwapo ilikuwa fungu la madaftari na sare za watoto.

Kabla ya kupiga kura, mwenyekiti aliuliza swali moja: "Nani amepima?" Hakuna aliyejibu.

Somo hili ni juu ya swali hilo. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chaji ya simu nayo ni mali. Tukiiona inapotea bila kuandika inapokwenda, tutamsingizia mtu au tutanunua tusichohitaji.

1. CHAJI INAKWENDA WAPI?

Simu hula chaji katika sehemu kuu nne.

(a) Kioo. Mwanga ukiwa mkali, chaji hukimbia. Anayesimama juani pale Rangi Tatu huongeza mwanga ili asome ujumbe, kisha husahau kuupunguza.

(b) Mtandao. Mahali penye mawimbi hafifu, simu hutumia nguvu zaidi kuufikia mnara. Bondeni, au ndani ya stoo yenye kuta nene, simu iliyolala mezani inaweza kuwa inafanya kazi ngumu kuliko unavyodhani.

(c) Programu zinazofanya kazi bila wewe kuziona. Hizi hupakua video za makundi, hupandisha picha kwenye intaneti na hutafuta mahali ulipo, hata kioo kikiwa kimezimwa.

(d) Kumbukumbu ndogo ya kazi. Simu nyingi za zamani zina gigabaiti 1 au 2 tu. Programu zikiwa nyingi, simu huifunga moja ili kuipisha nyingine, kisha huifungua tena. Kazi hiyo ya kufunga na kufungua hupasha simu joto na kula chaji.

Betri yenyewe ni jambo la tano. Inaweza kuwa imechoka kweli, lakini hatuwezi kuihukumu kabla ya kuyachunguza hayo manne.

2. DAFTARI LA SIKU SABA

Chukua daftari la kawaida na uchore safu tano: tarehe, saa, asilimia ya chaji, mahali simu ilipo, na kazi iliyofanyika. Andika mara nne kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Ukichaji, andika pia saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Usibadilishe kitu chochote katika siku hizo saba. Tunataka kuijua hali ilivyo, si kuipamba. Ukirekebisha huku unapima, hutajua kilichosaidia.

3. JARIBIO LA USIKU TATU

Baada ya wiki hiyo, fanya jaribio hili. Kila usiku jaza chaji hadi 100, chomoa waya saa nne usiku, weka simu mahali palepale, na usiiguse hadi saa kumi na moja alfajiri.

Usiku wa kwanza: acha kila kitu kama kawaida.
Usiku wa pili: zima data na Wi-Fi. Simu za kawaida bado zitaingia.
Usiku wa tatu: weka simu katika hali ya ndegeni. Usiku huu hakuna simu itakayoingia, kwa hiyo tangazeni mapema namba nyingine ya dharura. Sisi tulitangaza namba ya mwenyekiti.

Matokeo yetu yalikuwa haya. Usiku wa kwanza chaji ilishuka kutoka 100 hadi 63, yaani pointi 37. Usiku wa pili ilishuka pointi 10. Usiku wa tatu ilishuka pointi 4 tu.

Tusome hesabu hiyo kwa utulivu. Pointi 4 ni za simu yenyewe kukaa. Pointi 6 zinazoongezeka usiku wa pili ni za kuwasiliana na mnara. Pointi 27 zilizobaki ni za programu zilizokuwa zikitumia data wakati sisi tumelala. Betri iliyokufa isingekaa saa saba na kushuka pointi 4. Na watoto hawakuigusa simu usiku kucha.

Mkipata jibu la kushangaza, rudieni. Usiku mmoja unaweza kudanganya, kwa mfano kama mtandao ulisumbua eneo zima.

4. UKURASA WA BETRI

Sasa ingia kwenye Mipangilio, kisha Betri, kisha matumizi ya betri. Mpangilio wa maneno hutofautiana kidogo kwa kila simu, lakini ukurasa huo umekuwamo katika Android tangu toleo la 1.6 la mwaka 2009. Utaona orodha ya programu na asilimia mbele ya kila moja.

Angalia mambo matatu. Kwanza, usiisome asilimia peke yake. Kwenye simu nyingine ni fungu la chaji iliyokwisha tumika, si la betri nzima. Linganisha programu moja na nyingine. Pili, gusa jina la programu uone imefanya kazi muda gani. Programu ambayo hujaifungua leo lakini iko juu ya orodha ndiyo ya kuuliziwa. Tatu, kwenye matoleo ya zamani gusa mstari wa mtandao wa simu. Baadhi huonyesha ni sehemu gani ya muda simu ilikaa bila mawimbi.

Fahamu pia toleo la simu yako. Kiokoa betri kilikuja na Android 5 mwaka 2014. Mwaka 2015 Android 6 ilileta utaratibu wa simu kujilaza: ikiwa imetulia, kioo kimezimwa na haijachomekwa, huzuia programu nyingi zisiamke ovyo. Simu ya toleo la chini ya hapo haina msaada huo, na mtumiaji hana budi kuzima mwenyewe.

Kwetu, programu ya video ilikuwa chini kabisa ya orodha. Juu kulikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa ikipandisha picha zote za stakabadhi kwenye intaneti, na kwa kuwa mtandao wa pale nyumbani ni hafifu, ilikuwa ikishindwa na kuanza upya usiku mzima. Ya pili ilikuwa programu ya "kusafisha simu na kuongeza kasi". Aliyeiweka ni mimi katibu, mwandishi wa somo hili, nikidhani nasaidia. Nami nilikuwa mmoja wa walionong'ona juu ya mama mweka hazina. Nilimwomba radhi mbele ya kikao, na imeandikwa katika kumbukumbu.

5. KUREKEBISHA, MOJA BAADA YA NYINGINE

Badilisha jambo moja, pima usiku mmoja, andika, ndipo uende kwenye jingine.

• Ondoa programu za "kusafisha". Zenyewe hufanya kazi muda wote. Zikifunga programu unazozihitaji, hizo hufunguka tena na kula chaji zaidi.
• Zuia programu ya picha isipandishe kitu kwa data. Mfanye kazi hiyo mara moja kwa wiki, penye Wi-Fi au mtandao mzuri, simu ikiwa kwenye chaji.
• Ndani ya WhatsApp, zima upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe.
• Zima utafutaji wa mahali ulipo na Bluetooth wakati huvihitaji.
• Punguza mwanga wa kioo, na kioo kizimike baada ya sekunde 30.
• Weka simu mahali penye mawimbi, karibu na dirisha, lakini si juani.

Hapa kuna tahadhari. Kubana kupita kiasi kuna gharama yake. Siku mbili tuliwasha kiokoa betri wakati wote, na ujumbe wa WhatsApp kutoka jumuiya ukawa unachelewa. Simu ya jumuiya ipo kwa ajili ya mgonjwa, si kwa ajili ya kuonyesha asilimia nzuri. Tulikubaliana kwamba habari ya mgonjwa ipigiwe simu, isiandikwe.

6. KAMA NI BETRI KWELI

Betri za simu hizi ni za lithiamu, aina iliyoingia sokoni mwaka 1991. Huchakaa polepole kwa miaka na kwa mamia ya kuchajiwa. Dalili za kuchoka ni hizi: simu kuzimika ghafla ikiwa bado inaonyesha 20 au 30; kushuka sana hata katika hali ya ndegeni; au betri kuvimba. Betri iliyovimba isitobolewe wala kubonyezwa. Acheni kuitumia mara moja na ipelekwe kwa fundi.

Adui mkubwa wa betri ni joto. Mchana wa Januari na Februari, Dar es Salaam hupita nyuzi 30 kivulini. Simu iliyoachwa juani au inayochajiwa chini ya mto hupata zaidi. Aidha, si lazima kungoja chaji ifike sifuri ndipo uchaji. Desturi hiyo ilitokana na betri za zamani za nikeli. Kwa lithiamu, kuchaji kidogo kidogo ni bora.

7. LAINI YA FEDHA

Huduma ya fedha kwa kupiga namba za nyota haihitaji data wala Android. Anayetumia M-Pesa, kwa mfano, hupiga *150*00# kwenye kitochi na kupata menyu ileile. Tuliihamishia laini ya michango kwenye kitochi, ambacho hukaa na chaji kwa siku kadhaa. Simu ikienda kwa fundi, toeni laini kwanza, na namba ya siri asipewe mtu yeyote.

MATOKEO

Baada ya wiki tatu, simu iliyokuwa ikizimika saa saba mchana ilifika saa mbili usiku ikiwa na chaji ya 35. Hatukununua simu. Betri imechoka kiasi, na kamati imeanza kuweka akiba kidogo kidogo ya kununua nyingine. Fungu la watoto halikuguswa.

Kwa wahisani tunaomba hivi: kamati ikileta ombi la simu mpya, iulizeni kwa upole ukurasa wake wa siku saba. Kamati iliyopima itafurahi kuuonyesha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Simu ya kamati yenu ilizimika lini mara ya mwisho, na nani alikosa huduma siku hiyo?
2. Ni nani aliyelaumiwa? Je, kulikuwa na daftari?
3. Taarifa gani lazima zifike saa yoyote, na zipi zinaweza kungoja asubuhi?
4. Ni kitu gani kingine cha kamati, kama jenereta, pikipiki au pampu ya maji, tunachokilalamikia bila kukipima?