Antena ya setilaiti ndogo: anza na namna itakavyofunguka

Setilaiti ndogo ya mchemraba ina upande wa sentimita 10. Antena yake ya megahezi 437 inataka kama sentimita 17, kwa hiyo lazima ipande ikiwa imekunjwa, ifunguke ikishafika. Usianze na uzito, anza hapo.

Utepe wa futi ya chuma, ile ya fundi seremala, unafaa sana: mwepesi, na ukiukunja hupania kunyooka. Kasoro yake ni kwamba chuma huvutwa na sumaku. Kama setilaiti yako inajielekeza kwa kupima sumaku ya dunia, tafuta utepe wa shaba iliyochanganywa na berili.

Urefu ni hesabu ndogo. Gawa 300 kwa megahezi zako, upate urefu wa wimbi kwa mita, kisha chukua robo. Kata ndefu kidogo, maana iliyozidi hupunguzwa, iliyopelea imeharibika. Pima ikiwa imefungwa kwenye mwili wa setilaiti, si mezani peke yake: kwa antena ya robo wimbi, mwili ule ndio nusu ya pili ya antena.

Sasa kufunguka. Utepe hufungwa kwa uzi wa mshipi uliopita juu ya waya wa nikromu. Betri ikiupasha waya, uzi unakatika. Weka nyaya mbili, kila mmoja na saketi yake. Jaribu ndani ya chemba isiyo na hewa, tena kwenye baridi. Hewa ya maabara hupoza waya. Pasipo hewa waya uleule huwaka zaidi na unaweza kukatika kabla ya uzi, ilhali betri iliyopoa hutoa nguvu kidogo.

Na katika majaribio, itikise setilaiti kwanza, ndipo uifungue antena. Mwaka 1991 antena kuu ya Galileo, chombo cha NASA kilichokuwa kikielekea Mshtarii, ilikwama nusu wazi. Ilikuwa kama mwavuli, upana wake mita 4.8. Wahandisi waliona chanzo kinachoelekea zaidi ni kilainishi kilichosuguliwa kikaisha katika safari za lori kati ya California na Florida. Safari iliokolewa na antena ndogo, kwa kutuma data polepole mno.

Kanuni za setilaiti hizi hutaka antena isubiri angalau dakika 30 baada ya setilaiti kuachiwa. Programu yako isijaribu mara moja ikanyamaza: irudie kila betri inapopata chaji, waya wa kwanza, kisha wa pili, mpaka ipokee amri ya kuacha kutoka ardhini.