Kabla ya kumwita dalali, kusanya karatasi za nyumba

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu mijini hulikumbuka mnunuzi akiwa amekwishakaa sebuleni, nalo ni kodi ya nyumba inayouzwa.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mkazi wa Tanzania anayeuza nyumba au kiwanja alipe asilimia 10 ya faida. Hulipwa kabla ya umiliki kuhamishwa, na Msajili wa Hati hasajili jina la mnunuzi bila cheti cha TRA. Zingatia neno faida. Kinachotozwa ni kile kinachobaki baada ya kutoa gharama za kununua na kuendeleza, na gharama hizo huthibitishwa kwa karatasi.

Tuchukue mfano. Mtu alinunua nyumba ya kupangisha Tabata mwaka 2015 kwa shilingi milioni 70, akaongeza vyumba vya uani kwa milioni 15. Leo anauza kwa milioni 95. Faida ni milioni 10, kodi milioni 1. (Ingekuwa makazi yake mwenyewe, aliyoyamiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, asingedaiwa kitu, kwa kuwa faida haikuzidi milioni 15.) Lakini akiwa hana mkataba wala risiti, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023 yanamtoza asilimia 3 ya bei yote, au ya thamani iliyothibitishwa ikiwa ni kubwa kuliko bei. Hiyo ni shilingi 2,850,000.

Wapo watakaonijibu kwamba kwa nyumba ya zamani, iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa, asilimia 3 ni nafuu, basi heri wafiche mkataba. Kweli ni nafuu. Ila kifungu hicho kiliwekwa kwa asiyekuwa na kumbukumbu, si kwa aliyezificha kabatini.

Kinachonisikitisha zaidi ni mikataba miwili. Wa bei halisi hubaki baina ya muuzaji na mnunuzi, wa bei ndogo hupelekwa TRA. Nimekwishaulizwa baada ya swala kama huo ni ujanja tu wa biashara. Mimi nasema ni ushahidi wa uongo, tena tunawaita ndugu zetu waje kuutia saini! Na hasara yake ipo hapa hapa duniani. Mauziano yakivunjika, mkataba wa kweli haukulipiwa ushuru wa stempu, na mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe. Mnunuzi naye, siku atakapouza, gharama yake inayotambulika ni ile ndogo, kwa hiyo faida yake itaonekana kubwa na kodi atailipa yeye.

Nyumba ya mirathi ina mambo zaidi. Anayeuza ni msimamizi mwenye barua ya mahakama, si kaka mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Aya za mirathi katika Suratun-Nisaa zimetanguliza wasia na deni mbele ya mafungu, na kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa kwa jina la marehemu ni deni. Wengi hudhani wamemaliza kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Pango la ardhi ni kodi nyingine, ya Wizara ya Ardhi, na haiguswi na LUKU. Nimeona warithi wakigawana malipo ya awali, kisha deni likajitokeza wakati wa kuhamisha hati. Nani atarudisha fungu lake? Kwa kawaida, dada aliyekwishalipa ada za watoto kwa fedha hiyo ndiye anayeandamwa kwanza.

Kama karatasi ya mauziano imepotea, anzia ofisi ya serikali ya mtaa mlikoandikishiana, kisha watafute mashahidi wakiwa bado hai. Fanya hivyo kabla hujampa dalali ufunguo.