Mchanga katika Kisima cha Nyumbani

Siku hizi watu wengi huchimba visima majumbani mwao, na wengi wao hulalamika jambo moja: maji yatoka na mchanga. Katika makala haya nataka kueleza mchanga huo watoka wapi, hupimwaje, na hupunguzwaje. Siandiki kwa kuwa mimi ni fundi, la. Naandika kwa kuwa nyumbani kwetu tulipoteza fedha kabla ya kujua, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Kwanza yapasa tujue jinsi kisima kirefu kinavyojengwa. Wachimbaji wakiisha kutoboa shimo, huteremsha ndani yake bomba pana la plastiki. Sehemu ya bomba iliyo katika tabaka lenye maji imekatwa mianya myembamba ili maji yaingie. Kati ya bomba na ukuta wa shimo humiminwa changarawe safi. Kazi ya changarawe ni kuuzuia mchanga, na kazi ya mianya ni kuizuia changarawe. Kisha kisima husafishwa kwa hewa ya kompresa, mara nyingi kwa saa kadhaa, mpaka mchanga mwembamba ulio karibu na changarawe utoke na maji yawe safi.

Basi ikiwa mianya ni mipana mno, au changarawe haikufika chini, au usafishaji ulifanywa kwa haraka, mchanga utaingia. Hata kisima kilichojengwa vema huweza kutoa mchanga ikiwa pampu yavuta kupita uwezo wake, maana maji yaendayo mbio huchukua mchanga, na yaendayo polepole huuacha. Kila aliyeutazama mto wakati wa masika na wakati wa kiangazi aijua habari hiyo.

Kwetu ni Kigamboni, na kiwanja chetu ni cha mchanga mtupu. Kisima chetu kilichimbwa mwaka 2021. Mwaka 2023 pampu ilidhoofika, na fundi alipoifungua tuliona mapanga yake yameliwa kama yaliyopigwa msasa. Baba alinunua nyingine kwa fedha alizoziweka kwa ajili ya kuezeka nyumba ya Bibi. Fundi akashauri tufunge chujio kabla ya tangi. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimesoma darasani habari za kuchuja maji, nikamwomba Baba achague lile lenye matundu madogo kabisa. Akanisikiliza.

Baada ya siku mbili chujio liliziba. Tukalisafisha, likaziba tena. Jumapili moja tulikwenda msibani tukaiacha pampu ikifanya kazi. Chujio likaziba kabisa, maji yakasimama bombani, na pampu, ambayo hupozwa na maji yanayoipita, ikapata moto. Bahati njema kifaa chake cha kukata umeme kilifanya kazi. La sivyo tungenunua ya tatu. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umeuzuia mchanga usifike kwenye tangi. Je, umeuliza watoka wapi?"

Swali hilo nililipeleka kwa mwalimu wetu wa fizikia, naye akaniambia nipime kabla ya kutibu. Vyombo ni vichache: ndoo nyeupe za lita 20, saa, na kijiko cha chai. Ondoa chujio, washa pampu, ujaze ndoo ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya dakika 5, ya tatu baada ya dakika 15, na ya nne baada ya dakika 30. Yazungushe maji ya kila ndoo kwa mkono, kisha uyaache yatulie. Mchanga utakusanyika katikati ya kitako. Mwaga maji taratibu, ukaushe mchanga, uupime kwa kijiko. Majibu husomwa hivi:

1. Mchanga ukiwa katika ndoo ya kwanza tu, huletwa na mshtuko wa pampu inapowaka. Dawa yake ni kuiwasha mara chache, na kuwa na tangi kubwa la kutosha.

2. Mchanga ukizidi kadiri pampu inavyoendelea, pampu yavuta kupita uwezo wa kisima. Dawa yake ni kupunguza mwendo wa maji.

3. Mchanga ukiwa sawasawa katika ndoo zote, huenda pampu imekaa karibu mno na kitako cha kisima, nayo yafaa iinuliwe. Ikiisha kuinuliwa na mchanga usikome, au changarawe ikitoka, basi bomba limepasuka au mianya yake haifai. Hapo chujio si dawa. Na aitwe mchimbaji.

Ndoo zetu mbili za kwanza zilikuwa karibu safi. Ya nne ilikuwa na nusu kijiko cha mchanga, yaani kama gramu 4. Nikapiga hesabu. Gramu 4 katika lita 20 ni gramu 200 katika lita 1,000, nasi pamoja na majirani wanaochota kwetu hutumia kama lita 1,000 kwa siku. Kama maji yote yangekuwa hivyo, kwa mwaka mmoja tungetoa kilo 73 za mchanga, kiasi cha kujaza ndoo mbili na zaidi. Ndipo nilipolielewa swali la Baba. Mchanga huo hutoka kando ya bomba, na pahali pake hubaki tupu. Pango hilo likikua, ardhi yaweza kuporomoka na kulivunja bomba. Chujio langu lilikuwa likituficha hasara iliyo chini.

Tulichofanya ni kidogo. Tulifunga koki kwenye bomba litokalo kisimani, tukaikaza kidogo kidogo. Zamani ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 15; sasa hujaa kwa sekunde 40. Baada ya juma moja nilipima tena, na ndoo ya dakika 30 ilikuwa na chembe za kuhesabika. Lakini koki isikazwe mno, maana pampu yahitaji maji ya kuipoza. Ni vema fundi aulizwe kiasi cha chini ambacho pampu hiyo yaruhusu.

Mchanga mdogo uliosalia twauachia tangi. Bomba la kwenda nyumbani tulilipandisha shubiri moja juu ya kitako, na chini kabisa tukaweka koki ya kutolea uchafu. Chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1 hushuka mita moja katika maji yaliyotulia kwa muda wa dakika 2 hivi. Chembe ya tope yenye upana wa milimita 0.01 huchukua karibu saa 3, kwa sababu upana ukipungua mara 10, mwendo hupungua mara 100. Kwa hiyo sisi hujaza tangi jioni na kutumia maji asubuhi. Chujio tumelirudisha, lenye matundu makubwa zaidi, lakini baada ya tangi. Tena tusisahau kwamba maji yasiyo na mchanga si lazima yawe salama. Ya kunywa yachemshwe.

Wazazi wanaotaka kuchimba na wawaulize wachimbaji maswali matatu kabla ya kulipa: mianya ya bomba itakuwa na upana gani, changarawe itafika wapi, na kisima kitasafishwa kwa saa ngapi. Na kisima kikiisha, wapimiwe kinatoa maji kiasi gani kwa saa, ndipo pampu inunuliwe. Sisi tulianza kwa kununua pampu.

Nyumba ya Bibi iliezekwa mwaka 2025, ikiwa imechelewa miaka miwili. Mlangoni pa chumba cha pampu nimebandika karatasi, na kila mwisho wa mwezi napima ndoo ya dakika 30 na kuandika. Siku mchanga utakapozidi tena, hatutakimbilia duka la machujio, tutamwita mchimbaji.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne