Kujiona na Kuona Haya

Mwezi huu twataka kulifikiri jambo dogo linalowazuia wengi wasifanye kazi iliyo njema. Mtu aitwapo kusoma somo mbele ya kusanyiko, mara moyo humdunda, mikono hutetemeka, sauti humkauka. Kusoma anajua, na nyumbani alisoma vema. Basi, ni nini kilichombadilisha? Si kitabu, ni macho. Ameanza kujitazama kwa macho ya watu, naye sasa afanya kazi mbili pamoja: asoma, tena ajitazama asomavyo.

Hali hiyo hatuzaliwi nayo. Mwaka 1972 ilitangazwa habari ya watoto waliopakwa rangi puani, kisha wakawekwa mbele ya kioo. Wadogo walifanya kana kwamba yule wa kiooni ni mtoto mwenzao. Bali waliokaribia miaka miwili, wengi waligusa pua zao wenyewe. Karibu na umri huo mtoto huanza pia kuona haya akitazamwa. Naye Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya dalili za moyo zionekanazo usoni, alieleza ya kuwa uso huiva kwa haya hasa tunapofikiri wengine wanatufikiriaje.

Uwezo huu si mbaya. Asiyeweza kujitazama hawezi kujirekebisha, wala kuomba radhi. Ubaya ni kwamba macho tunayoyawazia ni mengi kuliko yaliyopo. Thomas Gilovich wa chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza mwaka 2000 habari ya wanafunzi waliovikwa fulana yenye picha ya mwimbaji, nao wakaiona aibu kuivaa. Kila mmoja aliingizwa chumbani penye wenzake. Walikisia kwamba karibu nusu ya wale wenzao wameitambua picha. Kumbe ni karibu robo tu.

Nasi tuandikao haya tuliyaona hayo. Siku ya kwanza tuliposoma kanisani tuliruka mstari mzima, tukawaepuka watu siku tatu. Mwisho tulimwuliza mzee mmoja kama alituonaje. Akajibu, “Mstari gani? Mimi siku ile nilikuwa namfikiri mwanangu aliye mgonjwa.” Tukaona haya mara ya pili, na haya hiyo ilikuwa njema: siku tatu tuliyawaza macho yake, wala mzigo wake hatukuuwaza hata kidogo.

Lugha yetu yatufundisha. Mwenye majivuno twasema “anajiona”, mwenye soni twasema “anaona haya.” Mmoja hujitokeza mbele, mwingine hujificha nyuma, nasi twadhani wako mbalimbali. Lakini wote wawili wamtazama mtu mmoja, yaani nafsi yake. Kwa hiyo dawa ya haya si kujipa kiburi. Dawa ni kuyageuza macho, tuitazame kazi na yule tunayemfanyia.

Musa alipotumwa alitaja uzito wa ulimi wake, kama isomwavyo katika Kutoka 4. Hakuambiwa kwamba ulimi wake ni mwepesi. Alipewa Haruni ndugu yake, akaenda. Basi, ninyi walimu, mwenye haya msimcheke, wala msimsahihishe mbele za watu. Mpeni somo mapema, alisome nyumbani kwa sauti, na mwenzake akimsikiliza. Siku ya kusoma mwambieni hivi: “Pale nyuma ameketi bibi asiyesikia vizuri. Msomee yeye.”

Maswali ya kujifunza:
1. Kuna kazi gani njema tuliyoiacha kwa kuogopa macho ya watu?
2. Majivuno na haya vyafanana katika neno gani?
3. Ni nani kati yetu ahitajiye mwenzake wa kusimama naye?

Tukutanapo tena Jumapili, kabla ya kujiuliza tumeonekanaje, na tumtazame aketiye karibu nasi, tumwulize habari za nyumbani kwake.