Mzizi Ukishachungulia

Kabla masika hayajafika, tazama shina la mnazi wowote hapa Mafia. Yale madoa ya kijivu, ambayo wengi hudhani ni ugonjwa wakayakwangua kwa panga, ni kuvu na mwani mdogo mno vilivyoshikana kuishi pamoja. Kiangazi hukauka hata ukiyasugua yanakuwa unga. Yamwagie kata moja ya maji: punde si punde yanaanza kuingia ukijani. Kesho yatakauka, mvua ikija yatarudi tena. Yaacheni, hayamli mnazi.

Mbegu ya mpunga nayo hukauka bila kufa. Inapokomaa hupoteza maji, na sukari iliyomo ndani huganda mfano wa kioo, ikashikilia viungo vyake visibomoke. Ikilowa huamka. Ila mzizi ukishachungulia, mweupe kama ncha ya sindano, haina tena uwezo wa kukauka ikapona. Kwa hiyo msidanganywe na manyunyu ya Februari. Mwaka mmoja nilidanganyika mimi, mshauri mzima, nikamwaga pishi nne. Jua likawaka wiki nzima. Nilipofukua nilikuta vimizizi vimekunjamana kama nyuzi zilizoungua. Subirini udongo ulowe hadi chini, si juu juu tu.

Kwa sasa kagueni akiba. Upepo wetu wa bahari una unyevu, na mbegu iliyoachwa wazi huunywa. Kila asilimia 1 ya maji unayoipunguza, maisha ya mbegu ghalani huwa takriban maradufu. Huna kipimo? Tia mbegu kiasi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, mbegu bado mbichi, imezidi asilimia 15. Anika tena kwenye mkeka, jua la asubuhi, kisha funga debe barabara.

Fenesi, embe na nazi hazimo katika habari hii. Kokwa ya fenesi ikikauka imekufa, basi.

Mwisho, hesabu punje 100, zifunge kwenye kipande cha kanga kibichi, usikiache kikauke. Siku ya kumi zikiwa zimeota 80, panda. Zikipungua hapo, ongeza mbegu shambani. Zisipofika 50, na kama hazikutiwa dawa, zilizobaki ghalani twangeni mle wali.