Mwanao Ataondolewa Lini Kwenye Orodha ya Wanaojifunza Kiingereza?

Mtoto mliingia naye Marekani akiwa na miaka saba, mkitokea kambi ya Nyarugusu au Kakuma. Leo ana kumi, Kiingereza anakitiririsha, na mkienda dukani yeye ndiye mkalimani wenu. Halafu inakuja barua ya shule: bado ni EL. Unajiuliza, mwanangu amekosa nini?

Hajakosa kitu. Herufi hizo mbili zina maana ya mwanafunzi ambaye bado anajifunza Kiingereza na anastahili kusaidiwa. Aliingia kwenye orodha yao siku mlipomwandikisha shule, mkajaza fomu inayouliza nyumbani mnaongea lugha gani. Mlipojibu Kiswahili au Kirundi, alipewa jaribio fupi la kumpima. Wako wazazi wanaoandika Kiingereza kwa hofu. Tafadhali usifanye hivyo: fomu hiyo si ya uhamiaji, na jibu lisilo la kweli linamnyima mtoto msaada ambao huulipii hata senti.

Atatoka lini? Hakuna idadi ya miaka iliyopangwa. Sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, inataka kila mwanafunzi wa EL afanye mtihani wa Kiingereza kila mwaka. Alama inayohitajika ili atoke hupangwa na jimbo, ndiyo maana mtoto wa dada yako aliye jimbo jingine anaweza kutoka mapema kuliko wako. Majimbo zaidi ya 30 hutumia mtihani uitwao ACCESS. California wana ELPAC, Texas wana TELPAS, New York wana NYSESLAT. Yote hupima mambo manne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika.

Hapo ndipo watoto wengi wanaozungumza vizuri hukwama. Kwenye ACCESS, kusoma na kuandika hubeba asilimia 70 ya alama ya jumla; kuzungumza ni asilimia 15 tu. Kiingereza cha uwanjani mtoto hukipata haraka kwa kucheza na wenzake. Kiingereza cha kitabuni, cha kueleza kwa maandishi kwa nini mvua hunyesha au hesabu imefanywaje, huchukua miaka mingi zaidi. Kwa hiyo matokeo yakifika, usiishie kwenye alama ya jumla. Tazama zile nne, moja moja, umuulize mwalimu ni ipi iliyomrudisha nyuma.

Je, mtihani pekee ndio unaoamua? Inategemea jimbo. California hutazama mambo manne: mtoto afike daraja la 4 la ELPAC, ambalo ndilo la juu kabisa, mwalimu atoe tathmini yake, ujuzi wa msingi wa mtoto ulinganishwe na wa wenzake wa umri huo wanaojua Kiingereza, na mzazi aulizwe maoni yake. Ukiitwa kwa ajili hiyo, nenda. Wewe ndiye unayejua kama anasoma kitabu mwenyewe nyumbani au anakikwepa.

Wazazi wengi wanataka mtoto atoke upesi, kwa kuona jina hilo ni aibu. Mimi naona kutoka kabla ya wakati kunaumiza: msaada unakatika wakati masomo yanazidi kuwa magumu. Lakini kukawia nako kuna hasara, hasa sekondari, ambako vipindi vya ziada vya Kiingereza vinaweza kuchukua nafasi ya somo analolipenda. California, akipita miaka sita bila kutoka, jambo hilo huanza kuangaliwa kwa namna ya pekee. Mahali popote ulipo, akifikisha miaka mitano kwenye orodha, omba kikao na shule.

Utaanzia wapi? Tafuta barua inayotumwa ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze. Inapaswa kueleza mtoto yuko kiwango gani, masharti ya kutoka ni yapi, na wanafunzi kwa kawaida huchukua muda gani. Huna? Nenda ofisi ya shule, waambie unataka kuonana na mwalimu wa wanafunzi wa EL, na uombe mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla. Usimlipe mtu, wala usimfanye mtoto mwenyewe kuwa mkalimani wa kikao kinachomhusu.

Una haki pia ya kukataa darasa la msaada. Fahamu tu kwamba kukataa darasa hakumwondoi kwenye orodha: mtihani wa kila mwaka ataendelea kuufanya mpaka afikie masharti. Kama ana ulemavu na ana mpango wake wa elimu maalumu, uliza ni marekebisho gani atapewa kwenye mtihani huo.

Akishatoka, usiitupe namba ya yule mwalimu. Matokeo ya waliotoka huendelea kufuatiliwa kwa miaka minne. Ukiona alama za sayansi au historia zinashuka ghafla, usingoje ripoti ya mwisho wa muhula. Andika barua fupi, hata kwa Kiswahili, ukiomba apimwe tena. Tia tarehe na ubaki na nakala.