SOMO: Kuvuta remoki ya mavuno kwenye barabara kubwa



Katika somo lililopita tuliongea juu ya kukausha mpunga. Leo tunaongea juu ya kuufikisha sokoni. Wakati wa mavuno, kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Luvungi, Sange na Uvira, tunakuta trakta zinavuta remoki zilizojaa kupita kiasi, na vijana wamekaa juu ya magunia. Ajali ikitokea, kila mtu analaumu shofere. Lakini mara nyingi hatari ilianza kwenye depo, wakati wa kupakia. Kwa hiyo somo hili ni la wanamemba wote.

1. Kupima uzito

Remoki nyingi za shamba hazina freni zake. Freni za trakta ndizo zinasimamisha vyote viwili. Remoki ikiwa nzito zaidi, inasukuma trakta kutoka nyuma mpaka inaipindua. Fuateni kanuni hii: remoki isiyo na freni, pamoja na mzigo wake, isizidi uzito wa trakta.

Mfano: trakta iko na kilo 2500, remoki tupu iko na kilo 700. Mzigo unaobaki ni kilo 1800, ni kusema magunia 18 ya kilo 100. Ukipakia 30, umezidisha kilo 1200.

Tunajua safari ya pili inakula mazutu. Basi mazutu ya safari mbili yaingie katika hesabu mbele ya kupatana bei na mnunuzi. Bei ikikataa, muungane na kooperative ya jirani, mukodishe kamyo.

2. Kupanga mzigo

Kwa remoki ya magurudumu mawili, uzito uegemee kidogo mbele ya magurudumu. Angalau sehemu moja kwa kumi ya uzito wote ikae kwenye kiungo cha trakta. Magunia yakijaa nyuma, kiungo kinainuka, magurudumu ya nyuma ya trakta yanateleza, na remoki inaanza kuyumba. Magunia yafungwe kwa kamba yenye nguvu. Mtu asikae juu yake, hata kama ni mwenye mzigo.

3. Kukagua mbele ya kutoka

- Pini ya kiungo iwe nzima na ifungwe isichomoke. Musiweke msumari pahali pake.
- Mnyororo wa akiba uunganishe trakta na remoki, kama pini inavunjika.
- Mipira iwe na upepo wa kutosha, na bulo za magurudumu zikazwe.
- Pedali mbili za freni za trakta zifungwe pamoja. Shambani tunazitenganisha ili kugeuka. Barabarani, kukanyaga moja peke yake kunaweza kuipindua trakta.
- Nyuma ya remoki muweke vibati vyekundu vinavyorudisha mwanga. Lakini ni bora zaidi kufika mbele ya giza.

4. Njiani

Muende polepole. Mwendo ukiongezeka mara mbili, freni zinahitaji umbali mara ine ili kusimamisha. Na kwenye barabara yetu kuna ngombe, pikipiki na watoto wa shule.

Kwenye mteremko, ingiza vitesi ndogo mbele ya kuanza kushuka, na usikanyage ambreyaji katikati. Remoki ikianza kuyumba, punguza gazi polepole. Usikanyage freni kwa nguvu.

Kwa trakta ndogo ya mkono, angalisho: kwenye mteremko, ukivuta mkono wa kugeuza wa kushoto, mashini inaweza kwenda kuume. Shuka polepole sana, ukiongoza kwa mikono yenyewe.

Milima ya Ngomo, toka Kamanyola kwenda Bukavu, si ya remoki ya shamba. Mzigo wa Bukavu uende kwa kamyo.

5. Kama kitu kimepinduka

Sange haijasahau tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakaribia, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Hata remoki yetu, mara ingine tunaipakia vidumu vya mazutu au esanse. Kwa hiyo: zima mashini, ondosha watu mbali, kataza sigara na moto, tuma watu wawili wasimamishe magari pande zote. Magunia yatangoja. Mafuta yaliyomwangika, mtu asiyachote.

Maswali ya kuongea katika mkutano

1. Trakta yetu na remoki yetu ziko na kilo ngapi? Tunaruhusu magunia mangapi?
2. Nani anakagua pini, mnyororo na mipira kila asubuhi?
3. Shofere akikataa kutoka kwa sababu mzigo umezidi, komite itamuunga mkono?

Jibu la swali la kwanza liandikwe kwa rangi kwenye ubavu wa remoki, kila mupakiaji alione.